Vitoto vya Mbuzi Vinavyohara Olbalbal: Tuanze na Boma Kabla ya Sindano

(Yafuatayo ni maelezo ya mtaalamu wa mifugo wa shirika letu kwa wajumbe wa kamati za parokia waliokutana katika kata ya Olbalbal, Wilaya ya Ngorongoro. Tumeyachapa kwa kirefu kwa sababu yanagusa maombi ya fedha ambayo kamati nyingi zimekuwa zikituletea.)



Niliitwa nije kueleza habari ya dawa za kuhara kwa mbuzi. Mwenyekiti amenikabidhi barua ya kamati yenu, inayoomba mfuko wa mifugo ununue chupa 60 za dawa ya sindano, oksitetrasaiklini, ile tunayoiita OTC, kabla mbuzi hawajaanza kuzaa. Nimeisoma na nitaijibu hapa hapa mbele yenu. Ila naomba kwanza mnisikilize, kwa sababu jibu langu si lile mlilotarajia, na sipendi mtu aondoke akisema shirika limewanyima.

Kwa nini kitoto cha mbuzi ni jambo kubwa

Wageni wetu huenda wanajiuliza kwa nini watu wazima wamekusanyika chini ya mti kuzungumza juu ya kinyesi cha mbuzi. Wenyeji wanajua. Kata hii imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 ili wanyamapori na wafugaji waishi pamoja. Tangu mwaka 2009 kilimo kimezuiwa tena ndani ya eneo hilo, hata bustani ndogo ya mahindi hairuhusiwi. Kwa hiyo unga wa ugali hununuliwa, na fedha ya kuununua inatoka kwenye mifugo. Ng'ombe hauzwi kila wiki. Anayeuzwa mtoto akiugua, au ada ikidaiwa, au unga ukiisha, ni mbuzi.

Tena mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu. Baada ya ukame kama ule wa mwaka 2009, kaya iliyobakiwa na mbuzi wachache huanza kuinuka mapema kuliko iliyobakiwa na ng'ombe peke yake. Lakini huinuka kwa vitoto vinavyokua. Mbuzi 20 wakizaa na vitoto 15 vikafa, kaya hiyo haijapata kitu mwaka huo, na maziwa ya watoto yamepungua pia.

Kosa langu mwenyewe

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa bado kijana katika kazi hii, yeyo mmoja aliniita bomani kwake. Vitoto vya mbuzi vilikuwa vinahara choo chepesi cha manjano, vinalala ubavu, na siku ya pili vinakufa. Mimi nilifungua mkoba, nikachoma OTC vitoto vyote, vilivyokuwa vinaumwa na vilivyokuwa vizima, nikaondoka nikijisifu moyoni. Baada ya siku 4 nikarudi. Vilikuwa vimekufa vingine 6.

Yule mama hakunilaumu. Aliniambia hivi: "Mwanangu, dawa yako sijui. Ila nimeona jambo moja. Vilivyozaliwa mwanzoni, tulipohamia boma hili, havikufa. Vinavyozaliwa sasa ndivyo vinavyokufa."

Nilimwuliza vile vya mwanzo vililala wapi. Akanionyesha olale, kile kizizi cha ndani ya nyumba. Vya sasa navyo vililala pale pale. Nikaingia, nikainama, nikagusa chini kwa mkono. Palikuwa na samadi mbichi, mkojo na joto, na hewa ya kuwasha macho. Vitoto 30 na zaidi vilikuwa vimepita humo tangu msimu uanze.

Nilisoma chuoni miaka kadhaa, na yule mama ndiye aliyenifungulia macho siku ile. Bakteria wanaoharisha vitoto huongezeka kadiri msimu wa kuzaa unavyoendelea. Kitoto cha kwanza hukuta mahali pakavu. Kimoja kikianza kuhara, humwaga bakteria kwa mamilioni mahali pale pale ambapo kitoto cha kesho kitalala, kitalamba na kunyonya chuchu iliyochafuka. Mimi nilikuwa natibu vitoto, na kizizi kinaendelea kuviambukiza usiku kucha.

Kuhara si ugonjwa mmoja

Ndugu zangu, kuhara ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili kwa binadamu. Kabla ya kushika sindano, uliza kwanza umri wa mnyama.

a) Siku ya kwanza hadi wiki ya kwanza. Mara nyingi hapa ni bakteria aitwaye E. koli. Choo huwa cha maji, cheupe au cha manjano, na kitoto hulegea upesi. Salmonela naye huweza kuingia umri wowote, na huleta homa na choo chenye harufu mbaya, pengine chenye damu. Ipo pia klostridia, ambayo sumu yake huua haraka hata kabla kuhara hakujaonekana.

b) Wiki ya 3 hadi mwezi wa 5. Hapa tushuku koksidia. Hiki ni kimelea, wala si bakteria. Mkia na mapaja huchafuka, kitoto hujikakamua kikitoa choo, na vinavyopona hudumaa. OTC haitibu koksidia. Ina dawa zake, kama zile za jamii ya salfa, na chanzo chake ni kile kile kizizi chenye unyevu.

c) Walioanza kuchunga, na wakubwa. Hapa kuna minyoo, na kuna kuhara kwa siku chache kunakotokana na majani mabichi baada ya mvua za kwanza. Mbuzi wa namna hii ya pili ni mchangamfu, anakula, na hupona mwenyewe. Mkimwona mbuzi amepauka ndani ya kope na amevimba chini ya taya, hiyo ni minyoo inayonyonya damu, na huyo pengine hahari kabisa.

d) Umri wowote, wengi kwa pamoja, wenye homa kali, machozi na kamasi, vidonda kinywani, kikohozi na kuhara. Simameni hapo hapo na mwiteni ofisa mifugo wa kata. Hiyo inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, na nitairudia.

Mnaona wenyewe kwamba kati ya makundi haya manne, chupa ya OTC inahusika na sehemu ndogo tu.

Maziwa ya kwanza

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na sehemu ya kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Kitoto cha mbuzi hakina bahati hiyo. Kinga yake yote ya mwanzo imo ndani ya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na utumbo wake hufungua mlango wa kuipitisha kinga hiyo kwa muda mfupi tu. Kila saa inayopita mlango unazidi kufunga, na baada ya siku moja umefungwa.

Kitoto cha kilo 2 kinahitaji kama mililita 200 za dang'a katika siku ya kwanza, na nusu yake iwe imeingia ndani ya saa 6 za mwanzo. Sasa tujiulize inakuwaje mbuzi anapozaa machungani saa nne asubuhi. Kijana hukibeba kitoto ndani ya shuka, mama yake anaendelea na kundi, na wanafika nyumbani jua linazama. Kitoto hicho kimekosa saa zake zote za maana. Usiku kinalazwa ndani ya olale ile ile niliyoieleza. Siku ya tatu kinahara, nasi tunasema ni ugonjwa umeingia.

Kwa hiyo vijana wafundishwe, na hili halihitaji fedha ya mfadhili. Mbuzi akizaa machungani, mwache amlambe mwanawe, mkamue tone la kwanza ili chuchu izibuke, na hakikisha kitoto kimenyonya na kushiba kabla hujakibeba. Na mbuzi aliyekaribia sana kuzaa abaki karibu na boma.

Kinachoua ni kukaukiwa maji

Kitoto kinachohara hufa mara nyingi kwa sababu maji na chumvi vimeisha mwilini. Vuta ngozi ya shingo kisha iachie. Ikikawia kurudi, na macho yakiwa yamezama, basi amekauka. Dawa yake mnaijua, kwa sababu mmewapa watoto wenu. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, visiwe vya kulundika, na nusu kijiko cha chumvi. Mchanganyiko wa namna hii ndio uliookoa maelfu ya wakimbizi wa Bangladesh wenye kipindupindu mwaka 1971, na unafanya kazi pia kwenye tumbo la mbuzi.

Kitoto cha kilo 3 kipewe kama mililita 100 kila mara, mara 3 au 4 kwa siku, kikiwa vuguvugu. Kichwa kisiinuliwe juu sana, maji yasije yakaingia mapafuni. Kiendelee kunyonya katikati ya mara hizo. Kitoto kisichoweza kabisa kumeza kinahitaji mtaalamu.

Najua mtaniuliza habari ya maji. Bonde hili la Olbalbal hupokea maji yanayotoka Korongo la Oldupai. Wakati wa mvua ni kinamasi, na wakati wa kiangazi ni vumbi. Akina mama huyafuata maji mbali pamoja na punda, na kuni za kuyachemshia nazo ni mzigo. Sisemi kwamba ni rahisi. Nasema lita moja kwa siku kwa kitoto kinachoumwa ni kidogo kuliko kitoto kilichokufa, na lita hiyo ikipatikana, iandaliwe vizuri.

Dawa itumike wapi

Mtu asiseme kwamba nimekataza antibiotiki. Kitoto chenye homa na choo chenye damu, au kilicholegea kabisa, huenda kikahitaji dawa hiyo kwa ushauri wa mtaalamu, kwa kipimo cha uzito wake, na kwa siku zote zilizoandikwa. Ninachopinga ni ile desturi ya kuchoma kundi zima kwa kukadiria kwa jicho, leo mililita 2 na kesho 1, halafu kuacha.

Bakteria asiyeuawa sawasawa hujifunza kuishi na dawa, na mwishowe dawa inakuwa kama maji. Huo ndio usugu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, yaani Wamaasai, Waarusha na Wachaga, ulionyesha jinsi kaya nyingi za Wamaasai zinavyojitibia mifugo zenyewe kwa antibiotiki, na jinsi muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kula nyama unavyopuuzwa. Hakuna aliyependa iwe hivyo. Mtaalamu yuko mbali, duka la dawa liko karibu.

Lakini tufikiri juu ya nyumba zetu. Kizizi cha vitoto kimo ndani ya enkaji, hatua chache kutoka kitanda cha watoto. Mtoto anayetambaa anashika samadi na kutia mkono kinywani. Salmonela na baadhi ya aina za E. koli hupita kutoka kwa mbuzi kwenda kwa mtoto. Wakipita wakiwa wameshazoea dawa, daktari naye atakuta dawa yake haifanyi kazi. Duniani kote, wataalamu walikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria sugu. Na kuchemsha maziwa ya mbuzi aliyechomwa sindano hakuondoi dawa yote iliyomo. Kwa hiyo, someni siku za kusubiri kwenye chupa na mzifuate, na kila anayetoka kushika vitoto anawe mikono. Sabuni isipokuwepo, majivu yanafaa.

Sotoka, na mbuzi wanaonunuliwa

Sasa narudi kwenye sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi PPR. Ugonjwa huu huletwa na kirusi, na kirusi hakisikii OTC, ingawa mtaalamu anaweza kutoa dawa hiyo kuzuia bakteria wanaoingia nyuma yake. Hapa kwetu si hadithi ya mbali. Tanzania ilithibitisha ugonjwa huu rasmi mwaka 2008, na ilikuwa katika wilaya hii hii ya Ngorongoro. Muda mfupi baadaye ulionekana Mtwara, kusini kabisa mwa nchi, na watafiti waliuhusisha na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Ugonjwa ulisafiri kwa lori.

Hapa nazungumza na kamati zote zinazogawa mbuzi kwa mpango wa kopa mbuzi lipa mbuzi. Mbuzi wapya wakae peke yao wiki 3 kabla ya kuchanganywa na wengine. Msaada usiotengwa unaweza kumwulia jirani kundi lake lote.

Chanjo ya PPR ipo. Sindano moja humkinga mbuzi kwa miaka isiyopungua 3. Lakini ni lazima itunzwe kwenye baridi tangu inakotoka mpaka inapochomwa. Chanjo iliyopata jua kwenye boksi la pikipiki ni maji tu. Wazee wetu wanaikumbuka habari ya olodua, sotoka ya ng'ombe, iliyofagia ng'ombe wa Wamaasai miaka ya 1890. Chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, karibu na Nairobi, ilisaidia kuufuta ugonjwa huo, na mwaka 2011 ulitangazwa kwamba umekwisha duniani. Lengo la mashirika ya kimataifa, lililowekwa mwaka 2015, ni kuimaliza na hii ya mbuzi ifikapo 2030. Litafikiwa kama boma kwa boma tutaleta mbuzi wachanjwe.

Jibu la barua yenu

Sasa chupa 60. Napendekeza mfuko ununue 10, zitunzwe na ofisa mifugo wa kata, na kila inayofunguliwa iandikwe imetumika kwa mnyama gani na kwa nini. Fedha inayobaki ifanye haya:

1. Majembe na makarai ya kuondolea samadi, ili kila boma lisafishe olale mara moja kwa wiki msimu wa kuzaa, litandaze majivu na nyasi kavu, na litenge mahali pa pili pa kulaza vitoto vinavyoumwa.

2. Iodini ya kuchovya kitovu mara tu kitoto kinapozaliwa, pamoja na sukari na chumvi ya akiba kwa kaya zisizoweza.

3. Boksi la barafu la kutunzia chanjo, na nauli ya mchanjaji.

4. Nauli ya kupeleka sampuli Arusha, kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, vitoto vikianza kufa kwa wingi. Tukijua ni bakteria gani na anasikia dawa gani, hatutapoteza chupa kwa kubahatisha.

5. Mafunzo ya siku mbili kwa akina mama wawili wa kila boma. Wao ndio wanaolala na vitoto, na ndio wanaoona wa kwanza kuhara.

Yule yeyo niliyemtaja alijenga olale mpya upande wa pili wa nyumba, ile ya zamani akaiacha ikauke. Msimu uliofuata alipoteza vitoto 2. Mimi sikuchoma sindano hata moja pale.

Neno kwa wafadhili

Wageni wetu, mmekuwa wakarimu, na Mungu awabariki. Nina ombi moja. Taarifa zetu hueleza ni mbuzi wangapi wamegawiwa na chupa ngapi zimenunuliwa, maana ndivyo fomu zinavyouliza. Ongezeni swali moja kwenye fomu: kati ya vitoto vilivyozaliwa, vingapi vimefika miezi 3? Tukilazimika kujibu swali hilo kila mwaka, tutajua kama fedha yenu imeleta maziwa na unga, au imenunua chupa tupu zilizotupwa nyuma ya boma. Samadi haipendezi kwenye picha za majarida, lakini majembe ya kuizolea ndiyo yatakayowabakizia watu hawa mbuzi.

Ndugu Mwenyekiti, wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Naomba kamati ijadili mapendekezo haya leo kabla hatujatawanyika, akina mama waanze kusema, kisha wazee. Mkiona nimekosea mahali, niambieni. Nimeshawahi kukosea na mama mmoja akanisahihisha, na vitoto vyake vikapona.



(Baada ya maelezo haya wajumbe walijadiliana, na akina mama ndio waliotangulia kusema kama alivyoomba. Kamati nyingine zinazoandaa maombi ya mfuko wa mifugo zinashauriwa kuyasoma maelezo haya katika kikao kabla ya kujaza fomu.)